Jibu Lisilogawanyika

Katika aljebra inayofundishwa mwanzoni mwa elimu ya sekondari, milinganyo ya pamoja huchukua nafasi ya pekee, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapokutana kwa mara ya kwanza na maelezo mawili ambayo kila moja halitoshi likiwa peke yake, lakini yakisomwa kwa pamoja huweza kufichua thamani mbili zisizojulikana. Mlinganyo ni sentensi ya kihisabati inayodai kwamba pande zake mbili zina thamani moja, na huitwa mlinganyo wa mstari pale ambapo herufi zake hazizidishwi zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu jozi zote za thamani zinazoutosheleza, zikichorwa kwenye karatasi ya grafu, hujipanga juu ya mstari mmoja ulionyooka. Milinganyo miwili ya aina hiyo huleta mistari miwili, na pale mistari hiyo inapokatana ndipo lilipo jibu. Wanafunzi wengi hulielewa jambo hilo bila taabu kubwa. Taabu huanza pale nukta ya makutano inapoangukia katikati ya miraba ya grafu, yaani pale jibu linapokuwa sehemu, na uzoefu wa darasani unaochambuliwa hapa unaonyesha kwamba chanzo chake ni imani ambayo mwanafunzi amejengewa kwa miaka mingi, bila mtu yeyote kukusudia, kuwa jibu sahihi sharti liwe namba kamili.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alifundisha hisabati katika vidato vya kwanza na vya pili kwenye shule za sekondari za kutwa nchini Tanzania, katika madarasa ambamo wanafunzi walikuwa wengi kuliko vitabu na ubao ndio uliokuwa kitabu cha wote. Swali analolikumbuka kuliko mengine, kwa sababu alilitumia tena na tena katika madarasa tofauti na kila mara likazua mshangao ule ule, ni hili:

2x + 3y = 4
5x − y = 3

Njia iliyozoeleka zaidi ni ile ya kuondoa, ambayo hukusudia kuifuta herufi moja ili ibaki nyingine peke yake. Mlinganyo wa pili ukizidishwa kwa 3 huwa 15x − 3y = 9, nao ukijumlishwa na ule wa kwanza, 3y na −3y hufutana, na kinachobaki ni 17x = 13. Hadi hapo darasa zima lilikwenda sawia. Kisha kalamu zilisimama. Wapo waliorudi juu kutafuta kosa ambalo halikuwapo, wakabadili alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa; wapo waliogeuza mgawanyo wakaandika 17 juu ya 13, wakiona angalau hapo namba kubwa inagawanywa kwa ndogo; na wapo waliofuta kila kitu na kuandika x = 1, kwa kuwa 1 ilikuwa karibu. Sauti iliyosikika mara nyingi ilikuwa, "Mwalimu, swali limegoma." Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeshindwa hesabu ya sehemu, maana wanafunzi hao hao, walipopewa 13/17 na 4/17 wazijumlishe, walizijumlisha mara moja bila kulalamika. Sehemu walizijua tangu shule ya msingi, pamoja na kiasi chake, ambacho ni namba ya juu, na asili yake, ambayo ni namba ya chini. Walichokikataa ni kuikuta sehemu mahali ambapo hawakuitarajia.

Matarajio hayo yana historia inayoweza kuelezwa. Mtunzi wa zoezi la kitabu, na hata mwalimu anayetunga swali harakaharaka ubaoni, kwa kawaida huanzia mwisho: huchagua kwanza jibu zuri, tuseme x = 1 na y = 2, kisha hutunga milinganyo inayolingana nalo. Mlinganyo 5x − y ukipewa thamani hizo huleta 3, na 2x + 3y huleta 8, na swali huwa limekamilika. Nia ni njema, kwani mtunzi hataki uzito wa sehemu umzuie anayejifunza kuiona njia yenyewe, na katika masomo mawili au matatu ya mwanzo uamuzi huo unafaa. Lakini zoezi zima likitungwa hivyo, na lile linalofuata pia, mwanafunzi hujifunza kutoka kwenye majibu kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha kwa maneno, kwamba jibu likigawanyika amepatia na lisipogawanyika amekosea. Kanuni hiyo haina ukweli wowote, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu humfanya aliyekwisha kupatia aiache kazi yake.

Uhaba wa majibu kamili unaweza kuonyeshwa kwa milinganyo ile ile. Mlinganyo wa pili ukibaki 5x − y = 3, na upande wa kulia wa ule wa kwanza ukaandikwa kwa herufi c badala ya 4, hatua zile zile za kuondoa huleta 17x = c + 9. Ili x iwe namba kamili, c + 9 sharti igawanyike kwa 17 bila baki. Hilo hutokea c ikiwa 8, ambapo x ni 1 na y ni 2. Halitokei tena mpaka c ifike 25, ambapo x ni 2 na y ni 7. Thamani zote 16 zilizo kati ya 8 na 25 huleta sehemu. Kwa maneno mengine, mtu anayechagua namba kamili ya upande wa kulia pasipo kujua jibu mapema ana nafasi moja tu katika 17 ya kupata namba kamili. Mwandishi alipoipanga orodha hiyo ubaoni, kuanzia 8, kisha 9, kisha 10, na wanafunzi wakawa wanaitaja x ya kila mstari, 17/17, 18/17, 19/17 na kuendelea, somo lilichukua kipindi kizima na halikumaliza zoezi lolote la kitabu, lakini ndicho kipindi ambacho kwa maoni yake kilibadilisha mambo kuliko mihadhara yote aliyowahi kutoa kuhusu kujiamini.

Swali linalofuata ni lile ambalo wanafunzi wenye udadisi huliuliza wenyewe, yaani 17 imetoka wapi, wakati haimo katika mlinganyo wowote kati ya ile miwili. Jibu lake limo katika vizidishi, ambavyo hapa vina maana ya namba zinazozizidisha herufi: 2 na 3 katika mlinganyo wa kwanza, 5 na −1 katika ule wa pili. Vikizidishwa kimkingamo na zao moja likatolewa kutoka kwa jingine, hupatikana 2 × (−1) − 3 × 5, yaani −17. Namba hii huitwa determinanti, na ndiyo inayoamua asili ya majibu yote mawili kabla hata upande wa kulia haujatazamwa. Seki Takakazu wa Japani alikuwa amekwisha kulifikia wazo hilo mwaka 1683, Leibniz wa Ujerumani aliliandika katika barua ya mwaka 1693, na mwaka 1750 Gabriel Cramer, mwanahisabati wa Geneva, alilichapisha katika umbo la kanuni ambayo hadi leo hutajwa kwa jina lake. Kwa kuwa 17 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, majibu ya milinganyo hii, maadamu pande za kulia ni namba kamili, hayawezi kuwa na asili nyingine yoyote: ama ni 17, ama sehemu yote inafupishika na kuwa namba kamili. Determinanti ikiwa 12, asili inaweza kuwa 12 au kigawo chake chochote, kama 4 au 3. Ikiwa 1 au −1, kila swali lenye namba kamili hujibika kwa namba kamili, na hapo ndipo watunzi wengi hukimbilia. Ikiwa sifuri, mistari miwili ama ni sambamba na haikutani popote, ama ni mstari mmoja ulioandikwa kwa sura mbili, na hapo jibu moja mahususi halipo.

Ujuzi wa mahali inapotoka asili huleta faida moja ya kiutendaji ambayo mwandishi anaithamini sana, ingawa vitabu vingi huipita. Mwanafunzi aliyepata x = 13/17 hufundishwa kuirudisha sehemu hiyo katika mlinganyo mmojawapo ili apate y, na hapo ndipo makosa ya kweli hutokea, kwa kuwa sasa anabeba sehemu, alama ya kutoa na mabano kwa wakati mmoja. Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha x ilivyo, kurudi kwenye milinganyo ya awali ambayo bado ni safi, na kuondoa tena, safari hii ikiondolewa x. Mlinganyo wa kwanza ukizidishwa kwa 5 huwa 10x + 15y = 20; wa pili ukizidishwa kwa 2 huwa 10x − 2y = 6; ukitolewa wa pili kutoka kwa wa kwanza hubaki 17y = 14, na y ni 14/17. Hakuna sehemu iliyoguswa hadi mstari wa mwisho. Zaidi ya hapo, 17 imejitokeza tena kwa njia isiyotegemea ile ya kwanza, na kama katika kutafuta x ingepatikana 17 na katika kutafuta y ikapatikana 13, mwanafunzi angejua papo hapo kwamba alama fulani imepotoshwa. Wanafunzi wa kidato cha pili walioizoea njia hii walianza kuitafuta determinanti pembeni mwa daftari kabla ya kuanza swali, jambo ambalo halikuwa limeagizwa.

Wapo waliotaka kuikwepa sehemu kwa kuigeuza desimali, na hoja yao husikika hata kwa watu wazima, kwamba 0.76 inasomeka vizuri kuliko 13/17. Lakini 13 ikigawanywa kwa 17 huleta 0.7647058823529411, tarakimu 16 kabla mfuatano haujaanza kujirudia, na yeyote anayekatiza katikati amekwisha kubadilisha jibu. Madhara yake huonekana haraka: x ikichukuliwa kuwa 0.76, mlinganyo wa pili huleta y = 0.80, na thamani hizo mbili zikirudishwa katika mlinganyo wa kwanza huleta 1.52 + 2.40, yaani 3.92, ilhali ilitakiwa 4. Mwanafunzi mwenye bidii aliyefika hapo hana namna ya kujua kama 3.92 imetokana na kukatiza tarakimu au na kosa la njia. Grafu nayo ina udhaifu wa namna hiyo, kwani nukta ya makutano yenye jira za 13/17 na 14/17 haiwezi kutofautishwa kwa macho na nukta zilizo jirani yake. Grafu huonyesha jibu liko upande gani, na hilo ni la thamani, ila haiwezi kulitaja. Sehemu ndiyo inayolitaja bila kupunguza wala kuongeza.

Uthibitisho wa jibu ulipata uzito wake kamili katika tukio moja ambalo mwandishi hulikumbuka kwa heshima. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alitoka mbele na kuandika majibu yake, 13/17 na 14/17, na darasa likapaza sauti kwamba haiwezekani. Mwalimu aliyeketi pembeni hakusema kitu. Binti hakubishana, aliandika 2 × 13/17, akapata 26/17, akaandika 3 × 14/17, akapata 42/17, akazijumlisha zikawa 68/17, kisha akawageukia wenzake na kuuliza, "Sitini na nane gawanya kwa kumi na saba ni ngapi?" Jibu lilitoka kwa wengi kwa pamoja, kwamba ni nne. Akafanya hivyo hivyo kwa mlinganyo wa pili, 65/17 kutoa 14/17, ikawa 51/17, ikawa 3. Kilichojitokeza hapo ni kwamba mamlaka ya kukubali au kukataa jibu yalikuwa yametoka mikononi mwa mwalimu na kwenye ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu, yakahamia kwenye milinganyo yenyewe, ambayo kila mwanafunzi alikuwa nayo mbele yake. Tangu siku hiyo mwandishi aliacha kutia alama ya vema kwenye jibu lolote la milinganyo ya pamoja lisiloambatana na uhakiki, hata kama lilikuwa sahihi.

Ni vyema pia ikafahamika kwamba hofu ya sehemu si urithi wa somo lenyewe. Kitabu cha kale cha Uchina kiitwacho Jiuzhang Suanshu, ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, kina sura nzima, ya 8, kuhusu milinganyo ya pamoja, na swali la kwanza kabisa la sura hiyo lina majibu ya sehemu. Swali linahusu miganda ya nafaka ya daraja tatu: miganda 3 ya daraja la juu, 2 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 39 za nafaka, dou ikiwa ni kipimo cha ujazo, miganda 2 ya juu, 3 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 34, na mganda 1 wa juu, 2 ya kati na 3 ya chini hutoa dou 26. Wahesabuji wa wakati huo walipanga vijiti juu ya ubao katika safu, wakazidisha safu moja kwa nyingine na kutoa, hadi safu ya mwisho ikabaki na miganda 36 ya daraja la chini yenye dou 99. Mganda mmoja, basi, una dou 2 na robo tatu; wa kati una 4 na robo, na wa juu 9 na robo. Mtunzi angeweza kwa urahisi kuchagua mavuno yanayogawanyika vizuri, lakini alimfungulia mwanafunzi wake mlango kwa robo, na hakuna dalili yoyote katika maandishi kwamba aliona haja ya kuomba radhi. Huko Baghdad, mwanzoni mwa karne ya 9, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra ambacho sehemu yake kubwa inahusu wasia na mirathi, eneo ambalo nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi ndiyo lugha ya kila siku, na ambalo kukadiria kwa namba kamili kungekuwa ni kumdhulumu mrithi.

Katika maisha ya wanafunzi wenyewe mifano haikuwa mbali. Wengi walitoka kwenye nyumba zinazofuga kuku, na swali la kuchanganya chakula liliwahusu moja kwa moja. Tukichukulia kwamba pumba za mahindi zina asilimia 9 za protini na mashudu ya alizeti asilimia 30, na mfugaji anataka kilo 100 za mchanganyiko wenye asilimia 16, basi x zikiwa kilo za pumba na y kilo za mashudu, milinganyo ni x + y = 100 na 9x + 30y = 1600. Wa kwanza ukizidishwa kwa 9 na kutolewa kutoka kwa wa pili, hubaki 21y = 700, na y ni 100/3, yaani kilo 33 na theluthi moja, huku x ikiwa kilo 66 na theluthi mbili. Mwanafunzi aliyeandika 33.33 alikuwa karibu vya kutosha kwa mizani yoyote ya dukani, lakini aliyebaki na 100/3 na 200/3 aliona kitu ambacho desimali ilikifunika, kwamba moja ni mara mbili ya nyingine kamili, na kwa hiyo mfugaji hahitaji kukumbuka namba yoyote kati ya hizo: kila kilo moja ya mashudu iende na kilo mbili za pumba, awe anachanganya kilo 100 au 15. Mwandishi anaamini kwamba hapo ndipo sehemu ilipojitetea yenyewe kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ilitoa maelekezo yanayofaa kwa mtu asiye na karatasi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo jibu la sehemu linapaswa kumshtua mwanafunzi, na mwalimu anayefundisha kuiamini sehemu ana wajibu wa kufundisha pia wakati wa kuihoji. Herufi inapowakilisha uzito, urefu, ujazo au muda, sehemu ina makao ya kudumu. Inapowakilisha mbuzi, watu au viti, haina. Mwandishi alizoea kutoa swali la zizi lenye mbuzi na kuku ambamo vichwa ni 30 na miguu ni 85, bila kutahadharisha. Milinganyo ni x + y = 30 na 4x + 2y = 85, ambapo x ni idadi ya mbuzi; wa kwanza ukizidishwa kwa 2 na kutolewa hubaki 2x = 25, na x ni 12 na nusu. Wanafunzi wa miezi ya mwanzo walilipokea jibu hilo kwa namna mbili zisizosaidia: ama walilikubali na kuandika mbuzi 12 na nusu kwa kuwa sasa wameambiwa sehemu ni halali, ama walilizungusha likawa 13 na kusonga mbele. Wale waliokuwa wamezoea kuhakiki walirudisha 12 na nusu kwenye milinganyo, wakakuta hesabu inakubali kabisa, mbuzi 12 na nusu na kuku 17 na nusu, vichwa 30, miguu 85, na kwa kuwa hesabu haikuwa na kosa walilazimika kuitazama taarifa yenyewe. Mbuzi ana miguu 4 na kuku 2, zote ni namba shufwa, yaani zinazogawanyika kwa 2, na jumla ya namba shufwa haiwezi kuwa 85. Mmoja wao aliandika chini ya kazi yake kwamba milinganyo imetatuliwa sawasawa ila aliyehesabu miguu arudi zizini, na mwalimu alimpa alama zote.